Posho ya Watu Wawili

Fundi alikuwa na miaka hamsini na mbili alipohama, na aliyemfanya ahame alikuwa mkewe, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne kaburini.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Si kung'oa wala kuziba. Hayo ni ya madaktari. Yeye alikaa chumba cha nyuma na taa yake ya kuinamisha, akaletewa kalibu ya plasta yenye umbo la fizi za mtu, akapanga meno juu ya nta, moja baada ya jingine, mpaka taya likaonekana kama linataka kusema kitu. Kila mtu kazini alimwita Fundi, na hata dada yake mkubwa aliyemlea alimwita hivyo alipotaka kumtania. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno ya nyumbani alikuwa nayo mkewe, mshonaji, aliyeweza kuzungumza na mteja, na redio, na mumewe kwa wakati mmoja huku ameshika pini kwa midomo. Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku tisa tu.

Baada ya mazishi watu walikaa, wakafariji, wakarudi kwenye shughuli zao. Nyumba ikabaki na Fundi na vitu. Akiweka kikombe mezani, mlio wake ulimshtua. Dada mkubwa alikaa mtaa wa pili na alikuja kila Jumamosi, lakini Jumamosi ni moja tu kwa wiki. Kwa hiyo Fundi aliposikia kwamba kliniki kubwa ya meno, mwendo wa siku mbili kwa gari, inatafuta mtu wa kazi yake, aliandika barua jioni hiyohiyo. Walimhoji kwa simu nusu saa. Wiki iliyofuata wakamtumia mkataba, na pamoja nao fomu ya posho ya uhamisho.

Fomu ilikuwa na ukurasa mmoja. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kisha mstari wa hali ya ndoa wenye visanduku viwili: Nimeoa, Sijaoa. Fundi alishika kalamu akakaa. Kusema hajaoa, baada ya miaka ishirini na nne, kulimwia kama kumkana mtu mbele ya watu. Akaweka alama kwenye Nimeoa. Mstari uliofuata uliuliza idadi ya watu watakaohama. Mkono ukaandika mbili.

Aliitazama ile namba kwa muda mrefu. Angeweza kuikata. Badala yake akaikunja fomu, akaitia kwenye bahasha, akajiambia akifika atawaeleza. Siku kumi baadaye pesa ziliingia, nyingi kuliko mshahara wake wa miezi mitano: nauli za watu wawili, kodi ya nyumba ya watu wawili, lori la mizigo ya watu wawili. Na ukweli ni kwamba mizigo ilikuwa ya watu wawili. Alipakia kila kitu. Kitanda kikubwa, kabati la kioo, cherehani, sanduku la nguo za marehemu, hata kopo la vifungo.

Dada mkubwa alisimama mlangoni akiwaangalia wapakiaji wanavyohema.

"Na sanduku la wifi pia?"

"Na hilo."

"Mdogo wangu, nilidhani unaikimbia hii nyumba. Kumbe unaihamisha."

Fundi akajifanya anakagua kamba.

Nyumba mpya ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba viwili na baraza nyembamba inayotazama ukuta wa ghala. Alipanga vitu kama vilivyokuwa kwao, cherehani chini ya dirisha, kabati mkono wa kushoto wa kitanda. Jumatatu akaripoti kazini. Kliniki ilikuwa safi, sakafu inateleza kama sabuni, na chumba chake kilikuwa na mashine ambazo kule alikotoka alikuwa akiziona kwenye picha. Mtu wa kwanza kumkaribisha alikuwa dada wa mapokezi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza wenye maumivu, aliyekuwa amesoma faili lake kabla yeye mwenyewe hajafika.

"Karibu sana, kaka. Wifi yetu umemwacha wapi? Huku wameandika mko wawili."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Fundi alikuwa amekwisha kuyapanga maneno njiani, machache na yenye heshima. Akafungua mdomo.

"Anakuja mwisho wa mwezi," akasema. "Anamalizia nguo za wateja."

Dada wa mapokezi akafurahi. "Anashona? Basi aje upesi. Fundi cherehani wa mtaani kwetu ananiharibia kila kitambaa."

Mwisho wa mwezi ukafika, mke hakufika. Kukawa na mafua. Mwezi wa pili kukawa na harusi ya jamaa ambayo haikwepeki, na yeye ndiye mshonaji wa nguo za bibi harusi. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo mdogo, lakini ulihitaji kulishwa, na Fundi aligundua kwamba hachoki kuulisha. Saa ya chai, yeye aliyekuwa akinywa peke yake chumba cha nyuma, sasa alikaa na wenzake. Dada wa mapokezi akiuliza, na daktari mkuu akiuliza kwa utani kama shemeji amemkimbia, Fundi alisimulia. Alisimulia jinsi mkewe alivyomshonea mteja mmoja gauni likiwa nje ndani, akamshawishi kwamba ndiyo mtindo mpya, na mteja akarudi kuagiza la pili. Alisimulia anavyoimba akikosea wimbo, na ukimsahihisha anakosea zaidi makusudi. Wenzake walicheka. Yote yalikuwa kweli tupu, ila wakati wake tu ndio haukuwa kweli.

Ikifika saa kumi na moja anavua koti la kazi na kupanda ngazi za ghorofa ya pili. Anafungua mlango. Kutwa alikuwa na mke, na sasa ilibidi afiwe tena, na kesho yake tena. Majirani wa ghorofa ile walitoka alfajiri na kurudi wamechoka. Walisalimiana kwenye ngazi, heri kwa heri, kila mtu akafunga mlango wake. Jumapili zilikuwa ndefu kupita kiasi. Wakati mwingine alikwenda kliniki kumwuliza mlinzi kama umeme upo, kwa sababu tu mlinzi angejibu.

Dada mkubwa alipiga simu. "Umezoea?"

"Nimezoea."

"Una watu wa kuongea nao?"

"Ninao, tunaongea sana."

"Mnaongea nini?"

"Mambo ya nyumbani," akasema Fundi, na simu ilipokatika alikaa akiishika hadi ikapoa.

Mwezi wa nne ulipoanza, siku ya Ijumaa, dada wa mapokezi alimwita mbele baada ya wagonjwa kuisha. Wenzake wote walikuwa wamesimama nyuma ya meza, hata daktari mkuu. Kulikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Walikuwa wamechangishana. Fundi alifungua akakuta mkasi wa mshonaji, mkubwa, mzito, wa chuma kizuri, aina ambayo mkewe alikuwa akiitazama dukani kisha kuirudisha rafuni.

"Mshonaji asije ugenini akakosa mkasi," dada wa mapokezi akasema. "Na nimeshamtafutia wateja watatu. Vipimo hivi hapa, umtumie aanze kufikiria."

Akampa karatasi iliyokunjwa. Fundi akashukuru. Aliwahi kujikaza mara nyingi maishani, lakini siku hiyo alijikaza kisabuni. Akatabasamu hadi taya zikamuuma, akaondoka na mkasi chini ya kwapa.

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha cherehani akaifungua karatasi. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Yeye ni mtu wa vipimo. Namba hukaa kichwani mwake. Mwanamke wa tatu kwenye orodha alikuwa na kiuno kilekile cha mkewe, wala hakikupishana hata nusu inchi. Aliisoma namba ile mara mbili, halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa sauti ambayo bila shaka majirani waliisikia. Hakuna aliyegonga mlango.

Jumatatu alipeleka barua ya kuacha kazi. Sababu aliandika ni za binafsi.

Afisa utumishi alikuwa mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, mpole, asiyepandisha sauti. Alilitoa faili, akalisoma taratibu, akaufungua ukurasa wa mkataba uliokuwa na sahihi ya Fundi.

"Kipengele cha kumi na moja unakikumbuka?"

"Nakikumbuka, mama. Nikiondoka kabla ya miaka miwili narudisha posho."

"Yote. Na wewe hujamaliza hata miezi minne." Akavua miwani. "Sikiliza, baba. Kipengele kina mlango mdogo. Mwenza akiugua, kampuni husamehe nusu. Na hapa naona mkeo hajafika hadi leo. Ukiandika mstari mmoja kwamba anaumwa, mimi napitisha. Hutakuwa wa kwanza."

Alikuwa anamsaidia kwa moyo safi, na hilo ndilo lililomfanya Fundi ashindwe kumtazama. Nusu ya deni lile ilikuwa miezi mingi ya maisha yake. Mstari mmoja tu.

"Siwezi kuandika kwamba anaumwa."

"Kwa nini?"

"Haumwi tena."

Afisa alianza kutabasamu, kama mtu anayetaka kusema tunamshukuru Mungu, kisha tabasamu likasimama njiani. Akamtazama vizuri.

"Lini?"

"Mwaka mmoja na miezi minne kabla sijahamia hapa."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la mitungi ya gesi, magurudumu yakipiga kelele sakafuni, mpaka likapita.

"Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii," Fundi akasema, "sijawahi kudanganya kwenye karatasi. Nilitaka kuwaambia siku ya kwanza."

"Ungeniambia ningekulipa ya mtu mmoja na maisha yangeendelea. Sasa hii mwanasheria akiiona ataiita kwa jina lake, na jina lake si zuri."

"Najua."

"Kwa nini uliandika mbili?"

"Kulikuwa na visanduku viwili tu," Fundi akasema. "Nimeoa na Sijaoa. Cha mgane hakikuwepo."

Afisa akaivuta fomu, akaiangalia kama ndiyo kwanza anaiona, ingawa pengine yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga chapa. Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini, mkewe alikuwa anaitwa nani.

Fundi akalitaja jina. Katika hadithi zake zote za saa ya chai alikuwa akisema mke wangu, mama wa nyumbani, mwenyewe. Jina hakuwahi kulitoa. Lilimtoka na mkwaruzo, kama mlango wa chumba kisichotumika, na baada ya kulisema alihisi njaa, njaa ya kawaida kabisa ya tumbo.

"Jina zuri," afisa akasema. Akavaa miwani, akachukua kikokotoo. "Posho yote irudi. Mshahara wako wa mwezi huu nauzuia. Kinachobaki utalipa kwa miezi kumi. Kwenye faili nitaandika fomu ilijazwa kimakosa. Hilo naliweza. Zaidi ya hapo siwezi."

"Zaidi ya hapo sikuombi, mama."

Fundi mwenyewe ndiye aliyemweleza dada wa mapokezi, mchana huohuo, kwenye korido ya stoo. Hakumficha kitu. Dada alimsikiliza hadi mwisho, mikono imefumbata daftari la miadi.

"Kwa hiyo nimemtafutia wateja marehemu," akasema.

"Nisamehe, dada."

"Nimewapigia simu wale akina mama. Nimewaambia wavumilie, wifi yangu yuko njiani." Akalibana daftari kifuani. "Mimi mwenyewe nilifiwa na mume, kaka. Ungeniambia mimi, kati ya watu wote."

Akageuka akaenda zake. Kwa siku zilizobaki alimpelekea kalibu kwa mkono wa mfagizi.

Kurudi hakukuwa na posho. Lori lilikuwa halisemeki kwa bei, kwa hiyo Fundi alibandika karatasi getini kwamba vyombo vya nyumbani vinauzwa. Kitanda kilichukuliwa na maharusi watarajiwa ambao hawakuacha kushikana mikono hata wakibeba mbao. Kabati lilikwenda kwa mwalimu mmoja aliyelipunguza bei mpaka Fundi akamwonea huruma. Sanduku la nguo alilipeleka kwa masista wanaotunza wazee. Alilikabidhi mlangoni, akakataa kuingia ndani kunywa maji.

Jumamosi asubuhi akaja dada wa mapokezi. Hakusalimia kwa kirefu. Alitaka kuiona cherehani. Aliketi, akakanyaga pedeli, akakagua sindano. Uzi wa buluu ulikuwa bado umefungwa tangu kazi ya mwisho.

"Huu uzi aliuweka yeye?"

"Yeye."

Akauangalia, akauacha hivyohivyo. "Bei gani?"

Fundi akataja bei ya chini sana.

"Sitaki punguzo lako. Nitajie bei ya mtu mwingine."

Akamtajia. Akalipa, noti kwa noti. Fundi akamletea na mkasi, akaupokea bila kumtazama. Alikuwa amekodi mkokoteni, na wakati mwenye mkokoteni anaifunga mashine kwa kamba alisimama kwenye ngazi, amempa Fundi kisogo.

"Ulikuwa unamsema vizuri," akasema. "Ndilo linaloniudhi. Nilikuwa nimeshampenda."

Hawakuonana tena.

Fundi alirudi kwao na begi moja na kopo la vifungo, kwa sababu hakuna aliyetaka kununua vifungo. Nyumba yake ya zamani ilikuwa na wapangaji wengine, na kwenye dirisha la sebule walikuwa wametundika mapazia ya manjano. Karakana ya zamani ilimpokea kwa mshahara uliopungua. Kiti chake cha karibu na dirisha sasa alikikalia mwanamke ambaye Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na yeye akapewa meza ya mlangoni, penye upepo unaopeperusha vumbi la plasta. Mwanamke yule aliona haya mwanzoni. Fundi akamwambia asihangaike, mkono wake mzuri na dirisha ni haki yake.

Alipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji saba wanaoshiriki ua na bomba. Kila mwezi, siku ya mshahara, kabla ya kununua hata chumvi, alituma fungu la deni. Na kila mwezi afisa utumishi alijibu ujumbe uleule: Imepokelewa, na salio. Hakuna neno la ziada. Fundi alijikuta akiusubiri.

Dada mkubwa alikasirika alipojua kiasi. Alitaka kulipa mafungu mawili kutoka kwenye akiba yake.

"Hapana, dada."

"Unajitesa makusudi."

"Sijitesi. Nilikaa naye miezi mitatu na nusu zaidi ya nilivyopangiwa. Hiyo niache niilipe mwenyewe."

Dada mkubwa alitaka kumwambia kwamba huo ni wazimu, ikaonekana usoni. Halafu akainuka akaenda jikoni, akapiga sufuria kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ulikuwa mwaka mgumu. Soli ya kiatu chake ilipofunguka aliigundisha kwa ile gundi ya kazini, ikashika kuliko kiatu chenyewe. Alikula mara moja kwa siku wiki za mwisho wa mwezi. Jioni aliwahi kulala, si kwa usingizi bali kuokoa umeme, akasikiliza wapangaji wenzake wakizozana uani kuhusu zamu za kufagia. Walimjua kama mzee wa meno. Hawakumjua zaidi ya hapo, naye hakuwaambia.

Fungu la kumi alilituma siku ya Alhamisi. Jibu likaja: Imepokelewa. Salio sifuri. Asante. Alikaa na simu mkononi, akihisi kwamba pengine litafuata la pili, neno lolote la mtu kwa mtu. Halikufuata. Afisa alikuwa na mafaili mengine.

Jumamosi alikwenda kwa dada mkubwa. Alimwambia deni limeisha, dada akasema ahsante Mungu, wakala. Walizungumza bei ya mkaa na magoti ya dada. Baada ya kula dada alisinzia kwenye kiti, kichwa kimelala upande, mdomo wazi kidogo, na Fundi akaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyozeeka. Akaosha vyombo taratibu asimwamshe, akarudishia mlango, akatembea hadi kwake juani. Alipofika alijitupa kitandani akalala usingizi mzito, wa bila ndoto.

Alipoamka jua lilikuwa linaelekea kuzama, na kwa muda hakujua ni siku gani. Uani watu walikuwa wanaongea. Alinawa uso, akachukua kigoda, akatoka nje. Akakiweka pembeni, karibu na bomba. Mama wa chumba cha tatu, aliyekuwa katikati ya kisa cha mwenye nyumba na fundi bomba, alisogeza ndoo yake bila kukatisha maneno ili apate nafasi. Fundi akaketi, akasikiliza.